Wingu Lililozaliwa Rukwa

Wasikilizaji, mtu akisimama katika nyanda za Katavi mwishoni mwa kiangazi, akaona upeo wa macho umekuwa mwekundu, husema, "Lile ni vumbi." Mara nyingi husema kweli, maana maziwa madogo ya Katavi na Chada hukauka, na ardhi yake hupeperushwa na upepo. Lakini zamani wingu kama hilo liliweza kuwa na mabawa.

Tangu mwaka 1930 hata 1944 nzige wekundu walienea karibu Afrika yote iliyo kusini ya Ikweta. Walikula mtama na mahindi ya Tanganyika, wakaingia Kongo na Rhodesia, wakafika hata Afrika Kusini. Kila nchi iliwaona wakija kutoka kwa jirani, na jirani naye alinyosha kidole kwa jirani yake. Sishangai, aliyeliwa shamba hutafuta kwanza wa kumlaumu.

Basi wataalamu walishika njia nyingine. Habari za makundi zilikusanywa pamoja: yameonekana wapi, siku gani, yakielekea upande gani. Kisha walifuata nyayo kwa kurudi nyuma, kama mwindaji afuataye damu ya mnyama. Nyayo hizo hazikuishia jangwani. Ziliishia katika nyika zenye maji na majani marefu, mahali pachache tu: Mweru wa Ntipa, katika nchi iitwayo sasa Zambia, na bonde la Rukwa, hapa kwetu.

Kwa nini Rukwa? Ziwa lile halina mto utokao. Mvua zikiwa nyingi hupanda na kufunika nyika. Zikipungua hurudi nyuma, na majani huota palipokuwa na maji. Nzige mwekundu hutaga mayai ardhini mvua zianzapo, na tunutu hutoka baada ya mwezi mmoja hivi. Akiishi peke yake ni panzi mpole, hana madhara makubwa. Lakini nafasi ikiwa finyu, wakisongamana, rangi yao hubadilika na tabia pia. Huandamana pamoja, kisha huruka pamoja. Siri hii ya mdudu mmoja mwenye hali mbili ilielezwa mwaka 1921 na Boris Uvarov, mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi London, alipochunguza nzige wa aina nyingine.

Ilipojulikana wingu lilikozaliwa, haikufaa tena kulingoja shambani. Mwaka 1949 serikali kadhaa zilifanya mkataba, kikaanzishwa kikosi cha nzige wekundu chenye makao yake Abercorn, mji uitwao leo Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu. Kazi hiyo baadaye ilirithiwa na shirika la nchi huru, lenye makao Ndola.

Hatari haikwisha. Mwaka 2009 nzige walizidi tena, hata katika nyika ya Iku, ndani ya hifadhi ya Katavi, kusini-magharibi ya Mpanda. Kumwaga sumu kali juu ya viboko na tembo haikuwa shauri jema. Ndege zilinyunyiza kuvu iotayo mwilini mwa nzige na kumwua taratibu, nayo makundi yakazuiwa kabla ya kutawanyika.

Apitaye Iku katika mwaka wa utulivu aweza kumwona nzige mmoja, ametulia kwenye bua la jani, asiye na mwenziwe.