Kutoka Kipande hadi Ukuta: Mchakato wa Ubunifu wa Romare Bearden na Hatima ya Sanaa Yake ya Umma

Historia ya sanaa ya Marekani humtaja Romare Bearden (1911–1988) hasa kwa kolaji zake, yaani picha zilizoundwa kwa kubandika vipande vya karatasi, vitambaa na picha za magazeti pamoja na rangi. Kazi zake za ukutani hutajwa kwa nadra, aghalabu kama nyongeza. Insha hii inajadili kwamba mgawanyo huo hauna msingi, kwa kuwa sanaa yake ya umma ilichipuka katika mchakato uleule wa kukata, kubandika na kukuza.

Bearden alizaliwa Charlotte, North Carolina, akakulia Harlem, na sehemu ya utoto wake aliishi Pittsburgh, ambako bibi yake aliwapangisha vyumba wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Alifundishwa uchoraji na George Grosz, na kwa miaka mingi alijikimu kama ofisa wa ustawi wa jamii jijini New York, akichora usiku na siku za mapumziko.

Badiliko kubwa lilianza mwaka 1963. Kundi la Spiral, lililowakutanisha wasanii Weusi wakati wa harakati za haki za kiraia, lilikuwa likijadili wajibu wa msanii. Bearden alipendekeza waunde kolaji ya pamoja. Pendekezo hilo halikushika, naye akaendelea peke yake. Alikata picha za nyuso, mikono na vinyago vya Kiafrika kutoka magazetini, akazipanga upya hata uso mmoja ukaundwa kwa vipande vya nyuso kadhaa. Kwa shauri la Reginald Gammon, mwanachama mwenzake, alizikuza kolaji hizo ndogo kwa mashine ya fotostati. Picha hizo kubwa, nyeusi na nyeupe, zilionyeshwa mwaka 1964 kwa jina la Projections.

Hatua hiyo ya kukuza ndiyo kiungo cha hoja yetu. Kwanza, ilithibitisha kwamba picha iliyoundwa mezani inaweza kusimama mbele ya umati. Pili, iliitenga kazi na mkono wa mtu mmoja, kwani mashine, na baadaye mafundi, waliingia katika uumbaji wake. Mwaka 1973 Bearden aliukamilishia mji wa Berkeley, California, kolaji kubwa kuhusu mji huo na watu wake. Nyuso zilizomo ndizo zilizozaa nembo ya mji. Mwaka 1984 kazi yake Pittsburgh Recollections iliwekwa katika kituo cha treni cha Gateway Center, Pittsburgh. Ilikuwa na upana wa futi 60 na kimo cha futi 13, nayo iliundwa kwa vigae.

Inaweza kupingwa kwamba kigae hakihifadhi makali ya mkasi wala mkunjo wa karatasi. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linasahau kwamba hata fotostati za 1964 zilikwisha kuufuta mguso huo. Kilichobaki ni mpangilio wa vipande, na mpangilio huo ndio uliokuwa lugha ya Bearden.

Suala lililosalia ni la dhamana. Kituo kilipotakiwa kubomolewa, kazi hiyo ilitathminiwa mwaka 2008 kuwa na thamani ya dola milioni 15, ilhali iligharimu takriban dola 90,000. Mamlaka ya usafiri iliyoimiliki ilijikuta na hazina ambayo bima yake ilikuwa mzigo. Hata hivyo, vigae viliondolewa, vikahifadhiwa, na kuwekwa tena katika kituo kipya kilichofunguliwa mwaka 2012.

Uamuzi huo una maana kubwa kuliko bei yenyewe. Kama thamani ya soko ingekuwa kipimo pekee, kazi hiyo ingeweza kuishia ghalani au mnadani, na wasafiri wa Pittsburgh wangenyang'anywa kumbukumbu ya mji wao. Kwa hiyo, mtafiti wa sanaa ya umma hana budi kufuatilia pia waliokilinda kigae baada ya msanii kufariki, kwa kuwa kazi ya ukutani haikamiliki siku ya uzinduzi.