Baraza la Kutunga Sheria la Kenya

Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikuwa chombo cha kutunga sheria chini ya ukoloni wa Uingereza, kuanzia 1907 hadi uhuru wa 1963.

Utungaji wa sheria. Muswada ulichapishwa katika gazeti rasmi la serikali, ukasomwa mara tatu barazani, kisha ukahitaji idhini ya Gavana. London iliweza kuutangua hata baada ya idhini hiyo. Gavana mwenyewe aliongoza vikao hadi 1948, wadhifa wa Spika ulipoanzishwa.

Uwakilishi. Walowezi wa Kizungu walianza kuchagua wajumbe wao 1920. Masilahi ya Waafrika yalikabidhiwa mmisionari, Dkt. John Arthur, mwaka 1924. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza barazani, aliteuliwa 1944. Waafrika walipiga kura mara ya kwanza 1957, wakachagua wajumbe 8, miongoni mwao Tom Mboya na Oginga Odinga. Kulingana na elimu na mali, mpiga kura mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu.

Athari. Sheria ya uandikishaji ya 1915, iliyopitishwa bila Mwafrika hata mmoja barazani, ilizaa kipande: wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi walilazimishwa kubeba cheti chenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Ulikuwa udhalilishaji uliohalalishwa.

Ulinganisho. Katika Kongo ya Kibelgiji, sheria zilitokana hasa na amri za mfalme na za Gavana Mkuu. Baraza la Serikali la huko lilishauri tu.