Lenzi za macho: kwa nini maji ya bomba, na hata ya chupa, hayafai

Kati ya maswali tunayoletewa na wasikilizaji kuhusu lenzi za macho, lipo moja linalorudi kila mara, hasa kutoka kwa wanafunzi wa Kampasi ya Solomon Mahlangu hapa Mazimbu: dawa ya kusafishia lenzi ikiisha katikati ya mwezi, je, mtu anaweza kutumia maji ya kunywa ya chupa mpaka pesa ipatikane?

Jibu ni hapana. Na si maji ya chupa peke yake. Maji ya bomba, ya kisima, ya mvua, yaliyochemshwa, yaliyochujwa, yaliyokorogwa na chumvi nyumbani, na mate, yote hayatakiwi kugusa lenzi. Tunajua dawa hiyo si rahisi kuipata mjini kwetu na bei yake inauma. Lakini kama huna dawa, njia salama ni moja tu: vua lenzi, vaa miwani, subiri.

Lenzi inakaa wapi

Lenzi ya macho ni kipande chembamba cha plastiki kinachokaa juu ya kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele inayofunika cheusi cha jicho. Wataalamu huiita konea. Unene wake ni kama nusu milimita tu, na haina mishipa ya damu. Oksijeni inayohitaji inaipata zaidi kutoka hewani, kupitia machozi. Ukiifunika kwa lenzi unaipunguzia hewa, na ukilala na lenzi huku kope zimefungwa, unaipunguzia zaidi.

Wapo wanaoogopa kwamba lenzi itateleza ipotelee nyuma ya jicho mpaka kichwani. Haiwezekani. Ngozi laini inayofunika weupe wa jicho hujikunja na kuungana na upande wa ndani wa kope, kwa hiyo nyuma hakuna njia. Lenzi inaweza kujificha chini ya kope la juu, ikasumbua, lakini itatoka.

Lenzi laini zinazovaliwa zaidi leo zilianza na mkemia wa Cheki, Otto Wichterle, aliyetengeneza za kwanza nyumbani kwake mwishoni mwa mwaka 1961 kwa kimashine alichokiunga kwa vipande vya mchezo wa watoto. Plastiki yake ilikuwa inafyonza maji, ndiyo maana ikawa laini na jicho likaivumilia. Ila kitu kinachofyonza maji hubeba pia kilichomo ndani ya maji hayo.

Kilichomo kwenye maji

Yupo amiba anayeitwa akantamiba. Anaishi kwenye udongo, kwenye vumbi, mitoni, kwenye matangi na hata kwenye maji ya bomba. Ukimnywa hakudhuru, na ukinawa uso bila lenzi kwa kawaida hapati pa kushika. Shida inaanza anapopata lenzi ya kung'ang'ania, akakaa kati ya plastiki na kioo cha jicho kwa saa nyingi, na pale penye mkwaruzo mdogo akaingia. Akibanwa na mazingira magumu hujifungia ndani ya gamba, na gamba hilo huhimili klorini. Kwa hiyo kusema kwamba maji ya Mindu yametibiwa kabla ya kufika bombani ni kweli, lakini hakumsaidii mvaa lenzi. Na kwa wengi wetu maji hayo yakishafika hukaa siku kadhaa kwenye simtanki au ndoo.

Ugonjwa wa akantamiba ni nadra, lakini ukishaingia ni mzito. Maumivu yake mara nyingi ni makali kuliko jicho linavyoonekana kwa nje, na mwanzoni unaweza kudhaniwa ni maambukizi ya virusi. Tiba ni matone yanayowekwa kila saa mwanzoni, kisha miezi mingi ya kuendelea. Baadhi ya wagonjwa huishia kuhitaji kupandikizwa konea ya mtu mwingine.

Na maji yaliyochemshwa? Kuchemsha kunaua amiba, ni kweli. Lakini baada ya hapo unayamimina kwenye jagi, unayaacha yapoe, unayachota kwa kikombe, na usafi ule umekwisha. Halafu maji matupu hayana kiwango cha chumvi cha machozi. Lenzi laini ikikaa humo huvimba, hubadilika umbo, na ukiivaa inaweza kung'ang'ania kwenye jicho.

Kuna pia fangasi. Mwaka 2005 na 2006 nchi kadhaa, zikiwemo Marekani na Singapore, zilipata mlipuko wa vidonda vya jicho kwa wavaa lenzi vilivyosababishwa na fusari, fangasi wa udongoni na kwenye mimea, ambaye wakulima wa mahindi wanamfahamu kwa kuozesha magunzi. Uchunguzi ulielekeza kwenye dawa moja ya kusafishia lenzi, na kampuni iliyoitengeneza ikaiondoa sokoni duniani kote mwaka 2006. Tangu hapo wataalamu wamesisitiza zaidi mambo mawili: kusugua lenzi kwa kidole hata kama chupa imeandikwa kwamba kusugua si lazima, na kutoongezea dawa mpya juu ya ile ya jana.

Kidonda cha jicho katika mazingira yetu

Ili kuona kwa nini tunalivalia njuga jambo hili, tuangalie jirani. Madaktari wa Mbarara, Uganda, wakiongozwa na Simon Arunga, walifuatilia wagonjwa 313 wenye maambukizi ya kioo cha jicho na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Utafiti haukuhusu lenzi. Ulihusu vidonda vya jicho kwa jumla, katika jamii ya wakulima kama yetu. Kwa wale waliopimwa maabara, asilimia 62 walikuwa na fangasi. Nusu ya wagonjwa walifika hospitali baada ya siku 17 au zaidi tangu jicho lianze kuuma, na asilimia 60 walikuwa wameshatumia dawa za kienyeji jichoni. Miezi mitatu baadaye, asilimia 30 walikuwa hawaoni kwa jicho lile, na asilimia 9 walikuwa wamelipoteza kabisa.

Siku kumi na saba. Kwa kidonda cha jicho huo ni muda mrefu mno, na mvaa lenzi anaweza kuupoteza kwa njia ileile: anaambiwa ni vumbi, anaambiwa ni macho mekundu yanayoambukiza mtaani, anapewa matone duka la dawa, anasubiri. Matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, ni mabaya zaidi hapa. Yanapunguza wekundu na maumivu kwa siku mbili tatu, mtu anadhani amepona, kumbe fangasi au amiba anaendelea kula konea bila kizuizi. Usiyatumie bila daktari kukuona jicho kwa darubini yake.

Kwa wanaovaa vizuri hatari si kubwa. Tafiti zilizofanywa Marekani na Australia zinaonyesha kwamba kati ya watu 10,000 wanaovaa lenzi laini mchana na kuzivua usiku, kama 2 hadi 4 hupata maambukizi makubwa ya konea kwa mwaka. Kwa wanaolala nazo idadi inapanda hadi kama 20. Kulala tunamaanisha hata ule usingizi wa basini kutoka Msamvu kwenda Dodoma, na hata wa mchana baada ya mtihani.

Namna ya kuvaa na kutunza

Nawa mikono kwa sabuni isiyo na mafuta mengi, kisha ikaushe kabisa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Kukausha ndiko wengi wanakoruka, na matone yaliyobaki kidoleni ni maji ya bomba yaleyale tuliyoyazungumza. Kama umekata pilipili mchana, nawa zaidi ya mara moja. Pilipili hukaa chini ya kucha. Kucha ndefu na za bandia nazo hukwaruza jicho na kuchana lenzi.

Anza na jicho lilelile kila siku ili usichanganye. Lenzi iliyokaa sawa kidoleni ina umbo la bakuli. Kingo zikitanuka nje kama sahani, imegeuka. Lenzi kwanza, wanja na poda baadaye. Jioni lenzi zinatoka kwanza, ndipo unanawa uso. Pafyumu ya kupulizia nywele na gundi ya kope za bandia vyote vimalizwe kabla lenzi haijaingia.

Ukivua, weka lenzi kiganjani, dondoshea dawa, sugua taratibu kwa ncha ya kidole kama sekunde 20 kila upande, suuza kwa dawa ileile, kisha itumbukize kwenye kikasha chenye dawa mpya. Soma chupa: maji ya chumvi ya kusuuzia yanayouzwa kwenye chupa zinazofanana hayaui vijidudu. Dawa yenye haidrojeni peroksaidi inaua vizuri sana, lakini ina kikasha chake maalumu, inahitaji saa 6 au zaidi kama chupa inavyoelekeza, na ukiiweka jichoni kabla ya muda huo itakuunguza.

Asubuhi mwaga dawa yote, suuza kikasha kwa dawa, kipanguse kwa tishu safi na kiache wazi kikiwa kimeinamishwa kikauke. Si chooni wala bafuni, jambo gumu kidogo kwenye hosteli, lakini dirisha la chumbani linatosha. Kibadilishe kila miezi 3. Lenzi ya mwezi inahesabiwa kuanzia siku ulipofungua pakiti. Ukiivaa siku nne tu ndani ya mwezi, mwezi ukiisha inatupwa vilevile. Zile za siku moja, ambazo kwa mtu anayevaa mara chache tunaona ni chaguo zuri zaidi, zinatupwa jioni na hazihitaji dawa wala kikasha.

Kuhusu udhu, swali tunaloulizwa pia: fumba macho vizuri unapoosha uso, kausha kope kwa taulo kabla ya kufumbua. Kuoga, fanya hivyohivyo, au bora uvue kwanza. Kuogelea hapana, iwe bwawa la hoteli au maporomoko ya Hululu huko Uluguru. Kwa bodaboda kwenye barabara ya vumbi wakati wa kiangazi, vaa miwani ya kukinga juu ya lenzi, na abiria pia. Wanafunzi wa kilimo wanaopukuchua mahindi au kupepeta mpunga, siku hiyo lenzi zibaki kwenye kikasha.

Lenzi za rangi za harusini

Hapa tuna neno la pekee. Lenzi za kijivu, kijani au asali zinazopendwa kwenye send-off na harusi si urembo kama hereni. Hata kama hazina nguvu ya kusahihisha macho, zinakaa palepale kwenye konea, na lazima mpindo wake ulingane na jicho lako. Ikibana inazuia machozi kupita, ikilegea inasugua. Kinachotutia hofu zaidi ni jozi moja kupita kwa maharusi wawili watatu kwa mpambaji mmoja. Lenzi haiazimwi, hata kwa dada wa tumbo moja, hata ikisafishwa. Na ukinunua mtandaoni au Kariakoo, pakiti iwe imefungwa, ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na vipimo vinafanana na ulivyoandikiwa na mtaalamu wa macho.

Wapo pia wanaohitaji lenzi kweli kweli. Mtu mwenye keratokonasi, ugonjwa unaofanya konea itokeze mbele kama pia, hufikia hatua miwani haimsaidii tena, na lenzi ngumu ndiyo inayomrudishia kuona vizuri. Kwa upande mwingine, mwenye mzio mkali wa macho au macho makavu huenda akaambiwa asivae. Mambo hayo hayaonekani kwenye kioo cha nyumbani, yanahitaji kupimwa.

Jicho likiwa jekundu

Wekundu, maumivu, mwanga kuuma, machozi mengi, kuona ukungu, au doa jeupe juu ya cheusi cha jicho: dalili moja tu inatosha. Vua lenzi za macho yote mawili siku hiyohiyo, usizirudishe, usifunge jicho kwa kitambaa, usiweke maziwa ya mama, majani wala asali. Nenda kitengo cha macho Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na mwambie anayekupokea, kabla hajauliza, kwamba unavaa lenzi. Beba lenzi zenyewe na kikasha bila kuviosha, kwa sababu maabara inaweza kupima kilichomo.

Ukipewa rufaa kwenda Muhimbili au CCBRT, usingoje mwisho wa wiki. Kwa treni ya SGR Dar es Salaam sasa ni mwendo wa kama saa mbili tu. Safiri na miwani usoni. Kila mvaa lenzi anapaswa kuwa na miwani inayofaa, maana asiyekuwa nayo ndiye anayejilazimisha kurudisha lenzi kwenye jicho linalouma ili aweze kuona njia.