Pejo Isirembwe Kupita Ilivyozaliwa

Mimi ni fundi wa rangi ya magari hapa Kilimani, kando ya Ngong Road, na gari kuukuu ninaloletewa mara nyingi ni Pejo. Sababu yake ni ya zamani. Mbio za magari za Safari zilianza 1953. Peugeot 404 ikashinda 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Mbili kati ya hizo walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Gari lililostahimili tope la mbio hizo halikuhitaji tangazo jingine. Ikafuata 504, ikaunganishwa papa hapa Kenya: pikapu za kubebea mazao, na zile za safu tatu za viti zilizosafirisha abiria masafa marefu.

Enzi hizo fundi alisifiwa kwa kulirudisha gari barabarani. Spea ikikosekana kwenye maduka ya Grogan, ilichongwa. Bodi ikioza, ilichomelewa bati, ikapigwa rangi yoyote iliyopatikana. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, magari ya mitumba ya Japani yakafurika, na Pejo nyingi zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zilizosalia ndizo zinazotafutwa sasa.

Wenye nazo wengi huota Concours d'Elegance, maonyesho ya Alfa Romeo Owners Club yaliyoanza 1970, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika Ngong Racecourse. Majaji hukagua bodi, viti, injini, hata chini ya gari. Basi mteja hunijia na neno moja: "Fundi, nataka ing'are kama kioo."

"Mzee," humjibu, "haikutoka kiwandani hivyo."

Kuna 504 nyeupe niliyoivua mpira wa buti. Chini yake rangi ya kwanza ilikuwa nyembamba, haina mng'ao, na pembeni mchuruzi umekaukia pale pale bunduki ya rangi ilipopita. Rangi nyeupe za wakati ule hazikupakwa vanishi juu. Mwenyewe alitaka nisage yote. Nikamwonyesha, tukakubaliana: nje nikapiga rangi bila vanishi, buti nikaliacha lilivyo, mchuruzi na yote.

Si mimi pekee: huko Marekani, wapenzi wa magari ya Corvette walianzisha chama chao, NCRS, mwaka 1974, na kwa majaji wao rangi laini kupita ya kiwandani hupunguza alama. Wanapima ukweli wa gari, si urembo wake. Nami naona hivyo: mchuruzi ule ni kazi ya mtu aliyekuwa zamu siku ile, na ukiusaga umefuta sehemu ya historia ya gari.

Kwa hiyo, wewe mwenye Pejo ya baba, kabla hujampa fundi msasa, piga picha kila kona, kwaruza kidogo chini ya mpira uone rangi ya kwanza, na usitupe hata skrubu iliyoshika kutu.