Plagi za Injini Yenye Supachaja

Plagi ya injini yenye supachaja ni kifaa cha kuwashia mchanganyiko wa petroli na hewa katika injini ambayo hewa yake hushindiliwa silindani na pampu iendeshwayo na injini yenyewe. Kwa kuwa cheche huipenya kwa shida hewa iliyoshindiliwa, kama alivyobainisha mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen mwaka 1889, ya kwamba volti zihitajiwazo hutegemea zao la kanieneo na umbali baina ya elektrodi mbili, mwanya wa plagi hiyo hupunguzwa, aghalabu kutoka milimita 1.0 hivi hadi baina ya 0.6 na 0.8, ukizidi, injini hukosa moto pale hasa inapokanyagwa mafuta, nao ukipungua mno, hutetemeka ikiwa haina mzigo.

Huchaguliwa pia plagi “baridi” zaidi, yaani ipelekayo harara upesi kwenye silinda hedi, kwani ncha iliyopata moto kupita kiasi huwasha mchanganyiko kabla ya wakati na kuweza kutoboa pistoni. Kwa plagi za kampuni ya NGK, yenye namba kubwa ya kiwango cha joto ndiyo baridi, ilhali kwa za kampuni ya Bosch ni kinyume chake, tofauti iwezayo kumpotosha hata fundi mzoefu. Mwanya hurekebishwa kwa kukunja elektrodi ya pembeni tu. Ya kati, hususa ikiwa ya iridiamu, haiguswi.