Perseus na Watoto wa Zama Mbili

Ngano za Wayunani wa kale zimedumu kwa sababu kila zama huzifinyanga upya kwa haja yake. Ushahidi wa jambo hili ni Perseus, shujaa aliyemkata kichwa Medusa.

Mwaka 1856 kasisi Mwingereza, Charles Kingsley, alitoa The Heroes, kitabu alichowatunukia watoto wake. Wasomaji wa Kiswahili nao walikipata katika tafsiri iitwayo Mashujaa. Perseus wa Kingsley ni kielelezo cha ushupavu na utii. Mtoto humtazama kwa mbali na kutamani kufanana naye.

Karibu miaka 150 baadaye, mwalimu Mmarekani, Rick Riordan, alikuwa akimsimulia mwanawe ngano hizo wakati wa kulala. Mtoto huyo herufi zilimchanganya, na kutulia kulimshinda. Ngano zilipokwisha, baba akabuni yake mwenyewe. Ndiyo iliyozaa The Lightning Thief mwaka 2005, kitabu cha kwanza kati ya vitano vilivyokamilika mwaka 2009. Shujaa wake, Percy, amepewa jina la Perseus, naye ana shida zile zile. Herufi humpotea kwa kuwa akili yake imeumbwa kwa Kiyunani cha kale. Hatulii kwa kuwa mwili wake umeandaliwa kwa vita.

Kingsley alimpa mtoto shujaa wa kuiga. Riordan alimwambia mtoto kuwa shujaa aweza kuwa ni yeye, pamoja na ila yake. Hapo ngano ya kale hugeuka dawa: humrudishia mtoto heshima aliyonyang'anywa na herufi.