Mbegu ya Hadithi

Desemba 1893, nchini Uingereza, mwandishi Henry James alialikwa chakula cha jioni. Bibi aliyeketi kando yake akagusia habari za mjane mmoja wa kaskazini aliyekosana na mwanawe wa pekee: baba amefariki, kijana karithi nyumba ya fahari, na sasa mama na mwana wanagombea samani zilizomo. James alikumbuka baadaye kwamba maneno yenyewe yalikuwa kama kumi tu. Papo hapo akajua amepata hadithi. Bibi alipoendelea kueleza mambo yalivyokwisha, James hakuyataka tena.

Kile alichokipata alikiita "germ", katika dibaji ya toleo la 1908 la The Spoils of Poynton, riwaya iliyotokana na mazungumzo hayo. Kwa Kiswahili tukiiteje?

Kamusi ndogo itajibu "kijidudu", na jibu hilo lina chembe ya ukweli. James mwenyewe alifananisha jambo hili na kuchanjwa: tone moja linatosha, likizidi linaharibu. Ila kwetu kijidudu ni cha hospitali na maji yasiyochemshwa. Neno la Kilatini lililozaa lile la Kiingereza lilimaanisha chipukizi.

Wengi husema "wazo", nami silikubali. Wazo hutoka kichwani mwa mwenye kuwaza. Hili lilitoka kinywani mwa jirani wa mezani. "Dhamira" huja mwishoni, msomaji anapoitafuta. "Kiini" kinakaribia, lakini kiini cha yai hukaa pale pale katikati. Kisa cha samani hakikukaa. James alimwingiza Fleda Vetch, msichana aliyembuni mwenyewe, na hadithi ikawa yake kuliko ya mama na mwana. Alikusudia hadithi fupi. Ikamtanukia mikononi, ikatoka kwa mfululizo mwaka 1896 katika jarida la The Atlantic Monthly, kisha kuwa kitabu mwaka 1897.

Kwa hiyo nashikilia "mbegu". Mbegu ni ndogo, hutoka nje ya udongo unaoipokea, na mmea ukishakua huioni tena. Mtu atauliza: mbegu si huchaguliwa na mkulima, akaifukia kwa makusudi? Si zote. Wakulima wanayajua maotea, mimea inayojiotea shambani bila kupandwa na mtu. Mwenye shamba hupita na jembe, na pengine mche mmoja akauacha, akaupalilia. Kazi ya mwandishi mezani pale ilikuwa hiyo hiyo: kuutambua mche, na kung'oa maneno yaliyousonga.

Faida nyingine ya "mbegu" ni kwamba inaelewana na kitenzi chetu cha kazi hii. Tunatunga shanga, tunatunga samaki kwenye ugwe, tunatunga hadithi. Lakini mimba nayo hutunga, na jipu hutunga usaha, bila mkono wa mtu kuyagusa. Ninapofafanua istilahi hii, maana zote mbili nazihitaji. Mbegu ya hadithi hutunga kwanza, kimya kimya, ndani ya aliyeisikia. Kalamu huanza kuitunga baadaye. Bibi yule, kwa wema wake wote, alikuwa akimsimulia James hadithi iliyokwisha kutungwa, wakati yake ndiyo kwanza inatunga.